Cheti cha Kupungukiwa Akili

Nchi ya Shwari ipo, wala msiniulize iko upande gani. Ramani zake zilipelekwa kupakwa rangi upya mwaka ule mpaka wa nchi uliposogezwa, na fundi aliyepewa kazi hiyo bado anangoja rangi. Waliowahi kufika huijua kwa ukimya wake. Huko majogoo huwika kwa zamu, tena kwa kibali. Redio ikianza taarifa husema nchi ni shwari, ikimaliza husema nchi bado ni shwari, na katikati hupigwa ngoma za kumsifu Mlezi Mkuu, ambaye ndiye aliyeituliza.

Ndiko alikozaliwa Koplo Machano, au tuseme aliyekuwa koplo, maana kisa chenyewe kiko hapo. Kwa miaka miwili mtu huyu alikuwa likizo. Ndivyo alivyomwambia mama yake, Bi Mize, siku aliporudi nyumbani na begi moja na jozi ya buti, na ndivyo Bi Mize alivyowaambia majirani waliokuja kumtazama. Miezi ya mwanzo watu walimpisha kwenye foleni ya maji na kumwita Koplo kwa sauti. Baadaye wakaanza kuuliza likizo hiyo ina urefu gani, na kama jeshini bado zipo nafasi za kupumzika namna ile, wajiandikishe na wao. Mwaka wa pili wakaacha kuuliza. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwa sababu mtu anayekuuliza bado hajajua.

Kila Jumatatu asubuhi Machano alizipiga buti zake rangi, akazivaa na suruali ya kiraia, akaaga kwamba anakwenda kuripoti. Alikwenda hadi kwenye daraja la mto mkavu, akaketi chini yake mpaka saa sita, kisha akarudi nyumbani na uso wa mtu aliyetoka kazini. Njiani ilimbidi apite mbele ya kibanda cha Shaweji, mshona viatu, mtu asiyeinua macho juu ya magoti ya watu lakini anayewajua wote.

Jumatatu moja Shaweji alimsimamisha. Alizikagua buti zile kama daktari anavyokagua ulimi.

"Koplo," alisema, huku sindano ikiwa midomoni, "buti ya gwaride huisha kisigino. Hizi zako zimeisha ubavuni. Hivi ndivyo viatu vya mtu anayekaa chini na kuchora mchanga kwa mguu."

Machano alicheka, kisha akaona kwamba Shaweji hacheki. Uso ulimwaka. Hakwenda darajani siku ile. Alirudi nyumbani kwa njia ya uani, akavua buti, akazitazama muda mrefu, akaapa kwamba ama atarudi jeshini kweli, ama hatapita tena mbele ya kibanda kile. Na njia nyingine ya kutokea mtaani haikuwapo.

Kilichomtoa jeshini ni kuamsha watu.

Asiyeijua Shwari atashangaa, maana kwingineko kazi ya askari ni kukaa macho. Jeshi la Shwari hulala. Hulala kwa mujibu wa katiba, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, na usingizi huo umetajwa kwenye wimbo wa taifa, ubeti wa pili, kuwa ndio ushahidi wa amani. Wageni wa heshima hupelekwa kambini kuwatazama askari wakikoroma kwa safu. Sasa Koplo Machano, tangu siku aliyotoka gulioni, akashikwa na tabia ya kupita kitanda hadi kitanda mchana kweupe, kumshika kila mtu bega na kumtikisa. "Amka," alikuwa akisema. "Amka, ndugu yangu." Mwenzake akifumbua macho na kumtukania mpaka babu yake wa tatu, Machano alimshukuru kwa moyo wote, akaenda kwa mwingine. Mwanzoni walicheka. Siku alipoingia kwa Brigedia akamtikisa hadi meno yake ya bandia yakaangukia ndani ya kofia, hakuna aliyecheka.

Na huko gulioni kulitokea nini? Redio ilieleza vizuri, sina sababu ya kuongeza. Wafanyabiashara wa gulio la Jumatano waliombwa wahame ili pajengwe Bustani ya Utulivu. Wakakataa, tena kwa kelele. Jeshi likapelekwa kuwatuliza, na baadhi yao, kwa uchovu wa kelele zao wenyewe, wakalala. Neno hilo la kulala alilitoa Brigedia mwenyewe. Amri yake pale uwanjani ilikuwa neno moja tu, "Walazeni," na Machano, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumkatalia mkubwa jambo, aliinua bunduki akalaza.

Wenzake walipokuwa wakipanda lori, yeye alirudi. Palikuwa na mzee mmoja, muuza vyungu, amelala kifudifudi juu ya bidhaa yake kana kwamba alikuwa akiizuia isivunjike. Machano alimshika bega. "Mzee, amka," alimwambia. "Tumemaliza. Amka uende nyumbani." Alimtikisa sana. Kisha akamwendea aliyefuata, na aliyefuata, mpaka akafika wa tisa, aliyekuwa wa mwisho, na hapo sajenti akaja akamvuta kwa mkanda wa suruali. Hakujua risasi ipi ilikuwa yake. Kwa kuwa hakujua, alizihesabu zote kuwa zake.

Daktari wa kambi alikuwa mtu mwema na aliufahamu ugonjwa ule. Taabu ilikuwa kuuandika. Mlezi Mkuu alikuwa ameufuta ugonjwa wa akili kwa amri, siku ya kuzaliwa kwake, pamoja na ukame na inzi. Ukame haukusikia amri, na inzi ndio kwanza waliongezeka, lakini makarani wote walisikia, na tangu siku ile neno ugonjwa halikuruhusiwa kukaa karibu na neno akili kwenye karatasi yoyote ya serikali. Daktari alikuna kichwa, akachukua kalamu, akafuta alichoweza kufuta. Barua ikatoka hivi: *Koplo Machano anaachishwa jeshi kwa sababu ya akili.*

Machano aliikunja barua ile mara nne na kuificha ndani ya buti ya kushoto. Kwa miaka miwili aliikanyaga.

Sasa tumrudie pale alipoapa. Kesho yake aliitoa barua, akaipiga pasi, akaenda nayo Ofisi ya Marejeo, wanakopokelewa wanaotaka kurudi jeshini. Ofisa wa dirishani aliisoma mara moja, akaisoma tena huku akifuata maneno kwa kidole, kisha akasukuma droo yake ndani na kuifunga kwa ufunguo.

Alimuuliza Machano kwa hofu hizo akili ni nyingi kiasi gani. Machano akasema ni za kawaida tu. Ofisa akamwambia kwamba wote husema hivyo. Walishawahi kuwa na mwenye akili hapo zamani, kapteni mmoja, kijana wa watu, mstaarabu. Akauliza swali katikati ya mkutano, na mpaka leo kikosi kile hakijatengemaa. Machano alijaribu kueleza kwamba hapo kuna neno limepungua, kwamba yeye hakuachishwa kwa kuwa nazo bali kwa kuwa ziliugua. Ofisa aliziba masikio na kutazama kama mlango umefungwa. Alipotulia akamshauri kindugu: aende Wizara ya Utulivu, Bodi itakutana Alhamisi ya wiki ijayo, akaombe Cheti cha Kupungukiwa Akili. Akikipata hicho, kombati yake itamngoja hapo hapo dirishani.

"Na usijitetee sana," ofisa alimwambia. "Ukijitetea utaonekana unazo."

Siku zilizobaki Machano alijiandaa. Kila asubuhi, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka miwili, aliingia chumbani kwa mama yake, akamshika bega na kumtikisa. Bi Mize alikuwa mtu wa kuamka mapema kuliko majogoo wenye zamu, lakini alikuwa akijilaza na kufumba macho mpaka mwanawe aje.

"Nimeamka, mwanangu," alikuwa akimjibu. "Na wewe, ulilala?"

"Nililala, mama," alikuwa akidanganya.

Hakuna siku aliyomuuliza zaidi ya hapo. Wala hakumuuliza likizo itaisha lini. Machano alijua kwamba mama anajua, na kila mmoja alimfunika mwenzake kwa kanga ile ile fupi. Aibu aliyoisikia kwa sababu hiyo ilikuwa nzito kuliko ya Shaweji na majirani wote wakichanganywa.

Alhamisi hiyo alifika Wizarani saa moja, akaitwa saa nane. Alingojea masjala, chumba cha mafaili, pamoja na karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu za Bodi, msichana aitwaye Tatu. Joto lilikuwa kali. Jokofu la serikali lilikuwapo pale, ila lilikuwa limejazwa mafaili ya siri, maana lilikuwa kitu pekee chenye mlango unaofunga. Tatu alimwona jasho linavyomtiririka, akainama chini ya meza, akamchotea maji kwenye chungu kilichofunikwa kwa kawa.

"Kunywa, kaka. Haya ni baridi kuliko ya hilo jokofu."

Machano alikunywa. Yalikuwa baridi kweli, na yalinukia udongo. Alipokuwa akirudisha kikombe alikiona chungu vizuri. Shingoni kilikuwa na alama tatu za ukucha, zimepangana kwa mshazari. Alama zile alizijua. Alizitazama kwa karibu siku ile gulioni, alipokuwa akimtikisa mzee, kwa sababu hakutaka kumtazama mzee.

Aliuliza chungu kile ni cha wapi, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. Tatu akasema ni kazi ya mama yake. Mama hufinyanga, na marehemu baba alikuwa akiuza. Alisema marehemu kwa sauti ndogo, kisha akakumbuka alipo, akajisahihisha: baba aliyelala. Machano alishika mkononi kikombe cha pili alichochotewa, asiweze kunywa wala kukirudisha, mpaka kengele ilipolia.

Bodi ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Kanali Sifaeli, mtu mnene, mpole, mwenye medali za vita ambavyo Shwari haikupigana. Wajumbe wawili walikuwa wamelala vitini, vichwa nyuma, midomo wazi, kwa kuwa ilikuwa saa nane na sheria ni sheria. Mmoja alikuwa hata hakoromi. Machano alimwona, na mkono wake wa kulia ukaanza kumuwasha. Alimkazia macho kifua. Hakikupanda. Alingoja, hakikupanda, na jasho jipya likamtoka. Akaikalia mikono yake yote miwili. Kanali alitabasamu na kuandika kitu, kumbe huo ulikuwa ndio mtihani wa kwanza, na mjumbe yule akavuta pumzi kubwa akaendelea na kazi.

Kanali alifungua kwa hotuba. Alisema kwamba akili ni mzigo ambao taifa changa haliwezi kumtwisha kila mtu, kwamba Mlezi Mkuu kwa huruma yake amekubali kuubeba peke yake, na kwamba kumpunguzia raia akili ni sawa na kumpunguzia kodi, ingawa kodi haitapunguzwa. Kisha akafungua fomu.

"Ukiamriwa kuteka maji kwa kikapu, utauliza nini?"

"Nitauliza kikapu kipi, afande."

Kanali alipendezwa, akaweka alama. Aliuliza tena: akimkuta mkubwa wake amepotea njia, atafanyaje? Machano akajibu kwamba atapotea nyuma yake, hatua tatu, upande wa kushoto. Kanali akasema hajapata kusikia upungufu ulionyooka namna ile. Machano alijisikia vibaya kuona jinsi majibu yanavyomjia kwa urahisi. Alikuwa amekuja kuigiza, na hakuna alichoigiza.

"Sasa la mwisho," alisema Kanali, na hapa akashusha sauti, si kwa ajili ya wajumbe. "Jumatano ile gulioni. Walilala wangapi?"

Kalamu ya Tatu ilisimama.

Kanali alimsaidia. Alimweleza taratibu, kama baba, kwamba faili la serikali halina hesabu yoyote. Palikuwa na uchovu kidogo, watu wakapumzika, wakaondoka. Mwenye akili, alisema, ndiye mwenye kukumbuka; aliyepungukiwa hana cha kukumbuka, na huyo ndiye anayetakiwa na jeshi. Kombati iko tayari. Akampa muda.

Machano alitazama sakafu. Tisa, alijua ni tisa. Kila mmoja alikuwa amemshika bega, na bega la kila mmoja lilikuwa tofauti. Aliwaza kibanda cha Shaweji. Aliwaza foleni ya maji. Alimwaza mama yake amefumba macho akimngoja aje amwamshe, yeye mtu mzima wa miaka thelathini na minne asiye na kazi wala usingizi. Hakuinua uso kumtazama karani.

"Hakulala mtu, afande."

"Na wewe ulirudi kuamsha watu?"

"Sikuamsha mtu."

"Bila shaka," alisema Kanali kwa furaha. "Kama hakulala mtu, ungemwamsha nani? Andika, binti."

Tatu akaandika. Kalamu yake ilikwaruza karatasi, na kwa Machano sauti ile ilidumu kuliko ilivyodumu.

Cheti kilitakiwa kupigwa mhuri masjala. Walikuwa wawili tu mle ndani, pamoja na chungu. Tatu alilipitia faili ukurasa mmoja mmoja, akatafuta mhuri, akaulowesha kwenye wino, kisha akaushika hewani bila kuugonga.

"Humu imeandikwa kwamba mwenye faili alikuwa akiamsha watu kambini," alisema.

Machano aliutazama mhuri.

"Pana mama mmoja muuza dagaa alijificha chini ya meza yake siku ile. Alituambia kwamba askari mmoja alirudi. Alimshika baba bega akamwita mzee, akamwambia aamke aende nyumbani." Tatu hakulia, aliongea kama anayesoma kumbukumbu za mkutano. "Mama hamjui jina lake. Kila tanuri likizimwa, chungu cha kwanza anakiweka kando. Anasema ni cha yule askari, siku akipita atampa. Vimefika kumi na saba, kaka. Ukumbini hatuna pa kukaa."

Katika nchi nyingine yoyote, Machano angeanguka magotini. Angemwambia mkono ule ule uliomshika mzee bega ulishika nini kabla ya hapo. Aliona aibu kusema kwamba ndiye, na aliona aibu kubwa zaidi kwa sababu angepewa chungu.

"Leo nimeandika kwa mkono wangu kwamba askari huyo hakuwapo," alisema Tatu. "Nikamwambie nini mama?"

"Mwambie hakuwapo," alisema Machano.

Tatu alimtazama kidogo. Akagonga mhuri, akapuliza wino ukauke, akamkabidhi cheti kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake. Machano alitamani Tatu angekitupa sakafuni, yeye akiokote. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sharti: *Mwenye cheti hiki hataamsha mtu.* Akatia sahihi.

Kombati ilikuwa ikimngoja dirishani, kama alivyoahidiwa, na ilimkaa vizuri. Mtaani walimpokea kwa vigelegele. Kwenye foleni ya maji walimpisha hadi wale waliokuwa wameshaweka ndoo bombani. Shaweji alisimama, jambo ambalo hajapata kumfanyia mtu, akampigia saluti kwa nyundo mkononi. Machano aliirudisha saluti huku akitazama pembeni. Bi Mize alimpapasa mabega, akaipapasa mikono ya shati, akasema likizo imekwisha basi, alhamdulillahi. Akapika pilau.

Asubuhi yake Koplo Machano aliamka mapema kwenda kambini. Alikuwa amelala usiku kucha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, tena usingizi mzito, na hilo lilimtia haya asijue amlalamikie nani. Alifunga buti. Cheti kilikuwa mfukoni, kifuani. Alipofika kwenye mlango wa mama yake alisimama, na mkono ulikuwa umeshainuka wenyewe kusukuma pazia.

Aliushusha. Akatembea kwa ncha za vidole, kadiri buti za jeshi zinavyoruhusu, akatoka uani.

"Machano," mama yake aliita kutoka kitandani. "Mbona leo hukuniamsha?"

Alikuwa ameshafika barabarani. Alimsikia vizuri kabisa, akazidi kukaza mwendo.